Kalamu Kabla ya Kitanzi: Utangulizi wa Somo la Utekelezaji wa Adhabu ya Kifo

Somo unaloingia leo ni zito, na si ajabu kama umelisogelea kwa kusitasita. Watu wengi hudhani kwamba anayesoma namna dola zinavyowanyonga, zinavyowapiga risasi au zinavyowadunga sumu watu waliohukumiwa kifo lazima awe na moyo mgumu. Naomba uiweke dhana hiyo kando. Kwa uzoefu wangu wa kufundisha sheria, wanafunzi wanaolielewa somo hili hadi mizizi yake hutoka wakiuheshimu uhai zaidi, na wakiisoma sheria kwa makini zaidi, kwa sababu hapa kosa likishatendeka halina wa kulirekebisha.

Naandika nikiwa Lushoto, na nina sababu ya kuanzia kwenye milima hii ya Usambara. Hapa ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1998, ambako vijana husomea sheria na watumishi wa mahakama huja kujinoa. Upande wa Soni iko Vugha, iliyokuwa makao makuu ya ufalme wa Wakilindi, ambako mfalme alikuwa na mamlaka juu ya uhai wa watu wake. Na mji wenyewe wa Lushoto Wajerumani waliuita Wilhelmstal, walipokuja na sheria zao na kamba zao. Tawala tatu zilizowahi kudai haki ya kumuua mtu kwa jina la sheria, za Wakilindi, Wajerumani na Waingereza, zimepita kwenye vilima hivi hivi, kisha likaja taifa huru likarithi yaliyobaki.

Kuna jambo moja ningependa ulishike tangu mwanzo, kwa maana kurasa zote zinazofuata zinalizunguka hilo. Sheria inapojishughulisha na namna ya kumuua mtu, inakiri kwamba mtu huyo bado anaidai kitu. Kama aliyehukumiwa kifo angekuwa amepoteza kila haki, isingekuwa na maana kuuliza anyongwe au apigwe risasi, nani atoe amri, au daktari awepo au asiwepo. Tukiuliza tu, tumeshakubali kwamba mtu huyo ni binadamu mpaka pumzi ya mwisho.

Maneno ya kuanzia

Mgeni wa somo hili huchanganya mambo matatu, nawe ukiyatenganisha sasa utakuwa umevuka mto mkubwa.

La kwanza ni kosa linaloadhibiwa kwa kifo. Tanzania Bara, makosa makuu ya namna hii ni mawili: kuua kwa kukusudia na uhaini. Kuua kwa kukusudia ni kusababisha kifo cha mtu kwa tendo lisilo halali ukiwa na dhamira ovu, yaani ulikusudia kumuua au kumdhuru vibaya. Ukimuua mtu bila dhamira hiyo, kosa lako ni kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha.

La pili ni hukumu ya kifo, yaani tamko la mahakama kwamba aliyetiwa hatiani anastahili adhabu hiyo. Redio ikitangaza kwamba mtu fulani "amehukumiwa kunyongwa hadi kufa," kinachotangazwa ni tamko. Bado hakuna aliyenyongwa.

La tatu ni utekelezaji, yaani kitendo chenyewe. Kati ya tamko na kitendo inaweza kupita miaka mingi, au kitendo kisifanyike kabisa. Tanzania haijamnyonga mtu tangu mwaka 1994, lakini mahakama zake zimeendelea kutoa hukumu za kifo. Asiyejua tofauti hii atadhani mojawapo ya habari hizo mbili ni uongo.

Tuongeze neno moja: njia ya kisheria ya utekelezaji. Njia huwa ya kisheria pale maswali matatu yanapojibiwa na sheria iliyokuwapo kabla ya tendo. Nani ana mamlaka ya kuamuru kifo? Kwa kupitia hatua zipi? Na kwa namna gani? Kibaka anayechomwa moto sokoni na wananchi wenye hasira ameuawa tu, hata kama kweli aliiba. Hakuna mamlaka, hakuna hatua, na petroli na tairi havimo katika sheria yoyote. Mbele ya sheria, waliomchoma ndio washukiwa wa kuua kwa kukusudia. Yaweke maswali hayo matatu akilini, maana tutayarudia kila tutakapofika.

Swali la nani: Vugha na mwaka 1895

Kabla ya wakoloni, milima hii ilitawaliwa na ukoo wa Wakilindi, ambao masimulizi yanamtaja babu yao Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu na kupokewa na Washambaa. Mfalme wa Vugha aliitwa Simba Mwene. Katika enzi ya Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, machifu wa wilaya waliamua magomvi ya watu wao, lakini adhabu ya kifo ilikuwa mamlaka ya Vugha. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika kwa Kimweri mwaka 1848 na tena mwaka 1852, alistaajabia ukubwa wa mamlaka hayo. Ukitaka kuzisikia habari za ufalme huo kwa Kiswahili cha wakati ule, itafute *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi, aliyewafahamu kwa karibu watawala wa kizazi kilichomfuata Kimweri.

Huenda unajiuliza: je, hiyo ilikuwa sheria, na haikuandikwa popote? Ndiyo. Sheria haianzi na karatasi. Utaratibu unaojulikana na watu wote kwamba chifu mdogo hawezi kumuua mtu, na kwamba shauri la namna hiyo lipelekwe kwa mmoja tu aliye juu, ni jibu kamili kwa swali la nani. Unaweza kulipinga jibu hilo, unaweza kuona lilimpa mtu mmoja nguvu nyingi mno, lakini huwezi kusema halikuwapo.

Sasa tazama kilichotokea utaratibu huo ulipokutana na mwingine. Mwaka 1895 mtawala wa Vugha alikuwa Mputa, mwana wa Semboja wa Mazinde. Mputa alimuua mwanamume aliyetuhumiwa kuzini na mke wake. Kwa kipimo cha mababu zake, hilo lilikuwa shauri la mtawala, naye ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya uhai. Kwa kipimo cha Wajerumani, waliokuwa wamejitangaza kuwa wenye nchi, huyo alikuwa muuaji. Walimnyonga mwaka huo huo.

Kaa na kisa hiki kidogo, kwa sababu kimebeba msingi wa somo zima. Vifo viwili, na kila aliyeua aliamini ana mamlaka. Aliyeshinda kwa bunduki ndiye aliyeandika kwamba kifo kimoja kilikuwa uhalifu na kingine kilikuwa haki. Tangu siku ile, Wakilindi hawakuwa tena na neno la mwisho juu ya uhai wa mtu katika milima yao, na kila mtu aliyeona au kusikia alielewa hivyo. Kutekeleza adhabu ya kifo ni kutangaza nani anatawala.

Lipo jingine, nalo linahusu namna. Kanuni ya adhabu ya Ujerumani ya mwaka 1871 ilisema wazi kwamba adhabu ya kifo itatekelezwa kwa kukata kichwa. Hiyo ndiyo njia waliyojiwekea wao kwa wao. Walipofika Afrika Mashariki waliwanyonga Waafrika, mara nyingi hadharani. Mwaka ule ule wa 1895, mwezi Novemba, walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya huko Kilwa Kivinje, na mahali pale pamebaki katika kumbukumbu kwa jina la Mwembe Kinyonga. Njia tofauti ilikuwa alama ya daraja tofauti la watu. Ndipo tarehe 22 Aprili 1896 ikatolewa amri ya Kansela iliyoorodhesha adhabu ambazo Waafrika wangeweza kupewa, na kutaka hukumu ya kifo ithibitishwe na gavana. Mputa alikuwa ameshakufa. Maandishi yalikuja nyuma ya kitanzi, na mwanafunzi wa sheria ana wajibu wa kuuona mpangilio huo kwa jinsi ulivyokuwa: umepinduka.

Swali la namna linapoingia katika kifungu

Waingereza walipoichukua Tanganyika, kwanza walitumia Kanuni ya Adhabu ya India, kisha mwaka 1930 wakaleta Kanuni ya Adhabu mpya, iliyofuata kwa kiasi kikubwa mfano wa Queensland, Australia. Kanuni hiyo, baada ya marekebisho mengi, ndiyo Sura ya 16 ya sheria za Tanzania leo. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu na Mahakama Kuu yake, kwa hiyo ninaposema "sheria yetu" hapa nazungumzia Bara.

Hebu tukitazame kifungu kimoja kwa karibu, kile ambacho kwa miongo mingi wanasheria wamekijua kama kifungu cha 26. Kinaagiza kwamba mtu akihukumiwa kifo, hukumu ielekeze kwamba atakufa kwa kunyongwa. Angalia kifungu hicho kinavyofanya kazi. Kinamwekea jaji njia mdomoni. Jaji hawezi kuamuru mtu apigwe risasi hata akiona ni afadhali, na mkuu wa gereza hawezi kubuni njia nyingine. Kifungu hicho hicho kinaweka mipaka miwili. Mtu aliyetenda kosa akiwa na umri chini ya miaka 18 hahukumiwi kifo, bali huwekwa kizuizini kwa ridhaa ya Rais. Na mwanamke aliyetiwa hatiani, ikithibitika kwamba ni mjamzito, hupewa kifungo cha maisha badala ya kifo.

Kisha kuna kile kinachojulikana kama kifungu cha 197, kinachosema aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia *atahukumiwa* kifo. Hii huitwa adhabu ya lazima: jaji akishaona kosa limethibitika, hana uchaguzi wa adhabu. Hawezi kupima kama muuaji alikuwa jambazi sugu au mke aliyepigwa miaka mingi akachoka. Likumbuke neno hilo, "lazima," maana ndilo lililokuja kuleta kesi kubwa.

Dokezo kwa mgeni: namba za vifungu huweza kubadilika sheria zinapofanyiwa urekebu, kwa hiyo angalia daima unasoma toleo la mwaka gani.

Swali la hatua: kesi inavyopanda

Tuchukue mfano wa kutunga. Watu wawili wa kijiji kimoja juu ya Mlalo wanagombania mpaka wa shamba la viazi. Mmoja anamkata mwenzake kwa panga, naye anafariki. Nini kinafuata?

Mtuhumiwa anakamatwa na kufikishwa katika mahakama ya wilaya, Lushoto. Atasomewa shtaka lakini hatatakiwa kujibu kitu, kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Dhamana pia hapewi. Upelelezi ukikamilika, anasomewa maelezo ya mashahidi na vielelezo vitakavyotumika dhidi yake, kisha shauri linahamishiwa Mahakama Kuu, Kanda ya Tanga. Asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama za serikali. Jaji anasikiliza ushahidi, na upande wa Jamhuri lazima uthibitishe shtaka pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Hapa ndipo kesi nyingi hubadilika sura, kwa sababu swali la dhamira ovu ni gumu: je, alikwenda shambani na panga akiwa amepanga kuua, au ugomvi ulizuka ghafla akiwa analima?

Akitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, hukumu inasomwa, naye anaelezwa kwamba ana haki ya kukata rufaa. Mahakama ya Rufani, ikiketi na majaji watatu, huupitia ushahidi upya. Ikithibitisha hukumu, safari bado haijaisha. Kumbukumbu za kesi pamoja na taarifa ya jaji hupelekwa kwa Rais, ambaye ana njia tatu: kusaini hati ya kunyongwa, kuigeuza adhabu kuwa nyingine nyepesi zaidi, au kusamehe. Mamlaka ya msamaha yamo katika Ibara ya 45 ya Katiba.

Ukiutazama mteremko wa shamba hapa Lushoto, utaona matuta ya ngazi, na kila tuta linashika udongo ambao lile la juu yake limeuachia. Hatua hizi zimewekwa kwa kusudi hilo. Kosa la polisi lidakwe na hakimu au jaji, kosa la jaji lidakwe na Rufani, na lile ambalo sheria haiwezi kulidaka lidakwe na huruma ya Rais. Tuta moja likibomoka, mengine hubeba mzigo mkubwa kuliko uwezo wake. Ndiyo maana nasema kalamu huja kabla ya kitanzi. Kalamu ya mpelelezi, ya jaji, ya majaji wa rufaa na ya Rais, zote lazima ziandike kabla kamba haijaguswa, na yoyote kati yake inaweza kuzuia.

Njia zilizoko duniani, na ahadi iliyomo ndani ya kila moja

Sasa uko tayari kwa sehemu ambayo wageni wengi huikimbilia kwanza. Nimeichelewesha makusudi, kwa kuwa bila yale yaliyotangulia ingekuwa orodha ya vitisho tu.

Kunyonga ni njia ya kale, nako kumegawanyika. Katika namna ya zamani mtu aliachwa aning'inie na kufa polepole kwa kukosa pumzi. Katika karne ya 19, Samuel Haughton, mwanasayansi na daktari wa Ireland, alichapisha mwaka 1866 hesabu za kuoanisha uzito wa mtu na umbali wa kuanguka, na mnyongaji wa Uingereza William Marwood akaanza mwaka 1872 kutumia anguko refu, linalokusudiwa kuvunja shingo mara moja. Hiyo ndiyo namna iliyosambazwa katika makoloni. Mwaka 1868 Uingereza ilikuwa imeshaacha kunyonga hadharani na kuhamishia shughuli hiyo ndani ya kuta za gereza.

Kukata kichwa kulitumiwa sehemu nyingi. Ufaransa ilianza kutumia mashine ya gilotini mwaka 1792 kwa hoja kwamba watu wote, mabwana na makabwela, wafe kwa namna moja na kwa haraka. Ikaitumia kwa mara ya mwisho mwaka 1977. Saudi Arabia hutumia upanga hadi leo. Kupiga risasi ndiyo njia ya Oman, na ndiyo njia inayotumiwa sana na mahakama za kijeshi. Rwanda iliwapiga risasi hadharani watu 22 mwezi Aprili 1998, kisha mwaka 2007 ikaifuta kabisa adhabu hiyo. Marekani ilianzisha kiti cha umeme New York mwaka 1890, ikaongeza chumba cha gesi, na mwaka 1977 jimbo la Oklahoma likapitisha sheria ya sindano ya sumu, iliyotumika kwa mara ya kwanza Texas mwaka 1982. Mwezi Januari 2024 Alabama ilitumia gesi ya nitrojeni kwa mara ya kwanza.

Usiikariri orodha hii. Tafuta kinachoiunganisha. Karibu kila njia mpya ililetwa kwa ahadi kwamba itapunguza ukatili wa ile iliyotangulia, na karibu kila ahadi ilikuja kujaribiwa vibaya. Mtu wa kwanza kuuawa kwa kiti cha umeme ilibidi umeme urudishwe mara ya pili. Sindano iliyoletwa ionekane kama tiba imekataliwa na madaktari wenyewe, ambao maadili yao hayawaruhusu kushiriki, na mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliweka udhibiti wa kuuza nje baadhi ya dawa zinazotumika. Msako huu wa miaka zaidi ya 200 wa kutafuta njia isiyo ya kikatili unatuonyesha kile nilichokuambia mwanzoni: sheria haiwezi kumwua mtu bila kuhisi kwamba mtu huyo bado anaidai heshima.

Dodoma, Arusha na kwingineko

Swali lililofuata lilikuwa la lazima: je, kunyonga kunapatana na Katiba? Tanzania ni miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kulijibu mahakamani.

Mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu huko Dodoma alieleza kwa kirefu jinsi kunyonga kunavyofanyika na jinsi kunavyoweza kwenda kombo. Akaamua kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili, ya kinyama na ya kudhalilisha, kwa hiyo inavunja Katiba, akatoa kifungo cha maisha. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, iliyotoa uamuzi tarehe 30 Januari 1995. Hapa ndipo wanafunzi hubabaika, kwa hiyo twende polepole.

Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo kwa asili yake ni ya kikatili na ya kudhalilisha. Kisha ikasema bado ni halali. Inawezekanaje? Ufunguo ni Ibara ya 30(2) ya Katiba, inayoruhusu sheria kuwekea haki mipaka kwa maslahi ya umma, mradi sheria hiyo isiwe ya kionevu na isivuke kiasi kinachohitajika. Mahakama iliona kwamba ni jamii yenyewe, kupitia sheria zake, inayoamua kama adhabu hii inahitajika, na kwamba haikuthibitishwa kuwa imevuka mpaka huo. Unaweza kukubali au kukataa. Muhimu ni kuona kwamba mahakama ya juu kabisa nchini iliandika kwa wino wake kwamba sheria inaruhusu jambo la kikatili. Miezi michache baadaye Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ilipokuwa ikiifuta adhabu ya kifo katika kesi ya Makwanyane, iliijadili Mbushuu na kuchukua njia nyingine.

Uamuzi wa Rufani uliandikwa na Jaji Augustino Ramadhani, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, kisha Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha. Mahakama hiyo, baada ya yeye kuondoka, ilitoa tarehe 28 Novemba 2019 uamuzi wa kesi ya Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania. Ilisema adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi kwa kuwa inamnyima jaji nafasi ya kumpima mtu aliye mbele yake, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Iliitaka Tanzania iondoe ulazima huo katika sheria zake.

Majirani nao wameamua kila mmoja kwa namna yake. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Kigula ya mwaka 2009, iliondoa ulazima na kusema mtu asiyenyongwa ndani ya miaka mitatu baada ya rufaa ya mwisho adhabu yake igeuke kifungo cha maisha. Lakini ilikubali kwamba kunyonga ni halali. Mahakama ya Juu ya Kenya iliondoa ulazima mwaka 2017 katika kesi ya Muruatetu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imesitisha, ilitangaza mwezi Machi 2024 kwamba itarudia kutekeleza.

Maswali ambayo huenda unayo

*Kama hakuna aliyenyongwa tangu 1994, sheria hii si imekufa?* La. Kusitisha na kufuta ni mambo mawili. Marais wetu wamejizuia. Rais Magufuli alisema waziwazi mwaka 2017, alipokuwa akimwapisha Jaji Mkuu, kwamba anajua ugumu wa kutekeleza adhabu hiyo na hataki kuletewa orodha. Lakini kujizuia kwa mtu hakumfungi mrithi wake. Kinachomfunga ni sheria. Na wakati huo wote, aliyehukumiwa anaishi gerezani bila kujua atakufa lini au kama atakufa. Mahakama kadhaa duniani zimeona kusubiri huko kwenyewe ni adhabu ya pili ambayo hakuna jaji aliyeitoa.

*Msamaha wa Rais unamaanisha mtu hakuwa na hatia?* Hapana. Anayeachiwa na Mahakama ya Rufani ameonekana hatia yake haikuthibitishwa. Anayepunguziwa adhabu na Rais hatia yake inabaki. Kilichobadilika ni adhabu.

*Nikisoma njia za utekelezaji, nimekubali adhabu yenyewe?* Wala. Wapo wanaoitetea kwa ajili ya haki ya aliyeuawa na machozi ya jamaa zake, na hoja hiyo isidharauliwe. Wapo wanaoipinga kwa sababu mahakama huweza kukosea na kifo hakirekebishiki. Kwa upande wangu, miaka ya kusoma hukumu hizi imenifikisha kwa hao wa pili. Lakini pande zote mbili zinahitaji kujua sheria inafanya nini hasa, na anayebishana bila kujua anabishana na kivuli.

Pa kuanzia

Ikiwa umefika hapa, wewe si mgeni tena, nami nafurahi. Sasa nenda kwenye maandishi yenyewe. Hukumu za mahakama zetu hupatikana bure mtandaoni kupitia TanzLII. Anza na uamuzi wa Rufani katika kesi ya Mbushuu. Usome mara ya kwanza kwa haraka ili upate kisa, na mara ya pili kwa kalamu mkononi, ukiweka alama kila mahali ambapo majaji wanajibu swali la nani, la hatua na la namna. Kisha soma Ally Rajabu kwa utaratibu huo huo, uone majibu yamehama wapi. Mahakama ikifanya vikao karibu nawe, ingia ukae nyuma usikilize; kesi za jinai kwa kawaida husikilizwa mahakama ikiwa wazi kwa umma, na hakuna kitabu kinachofundisha uzito wa ushahidi kama kumwona shahidi akijibu.

Mwisho, jiandikie jibu lako kwa swali moja ambalo majaji wa mwaka 1995 walituachia: ikiwa tumekubali kwamba jambo ni la kikatili, ni hoja gani inatosha kulifanya liwe halali? Liandike leo, uliweke, kisha ulisome tena baada ya kumaliza kesi hizo mbili. Hapo utaona mwenyewe fikra zako zimesogea kiasi gani.